Pilote ya Zamani na Macho ya Vieux Ramazani

Siku niliyorudisha ufunguo wa karakana, ninyi vijana mliniuliza kama kuna siri niliyowaficha miaka yote. Ndugu zangu, ningekuwa na siri ningeshaiuza. Nilicho nacho ni mambo machache niliyoyaona kwa macho haya mawili, moja zima na jingine nusu, na nimeona afadhali niyaandike kabla hayajachanganyika na yale ninayoyatia chumvi nikisimulia harusini.

Nilianza kazi nikiwa bado kijana, kule Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, kwa fundi wa redio na televisheni aitwaye Ramazani. Leo sote tunamwita Vieux Ramazani, yaani Mzee, lakini hata wakati ule alikuwa na sura ya mzee, maana alikuwa mtu wa kukunja uso kila anapofikiri, na alifikiri sana. Ukoo wake ulitoka Maniema, watu wa msikiti na wa kazi za mikono. Wetu ulitoka kaskazini ya Katanga, babu yangu akifuata reli, Wakatoliki mpaka kwenye mifupa. Yeye alifunga duka Ijumaa mchana, mimi sikuja Jumapili, kwa hiyo wateja walikuwa na siku mbili za kutulalamikia badala ya moja.

Siku ya kwanza mama mmoja alileta televisheni iliyotoa moshi. Nikarukia bisibisi ili nionekane hodari. Mzee akanipiga kofi mkononi, dogo tu.

“Mutoto, unaenda wapi? Muvule nguo kwanza!”

Sikuelewa. Akanionyesha kitambaa kilichofumwa kwa sindano, cheupe, chenye maua pembeni, ambacho kilikuwa kimeifunika televisheni mpaka mgongoni. Mnajua desturi yetu: kitu kikipendwa nyumbani, kinavishwa. Mama akipata televisheni, kabla hajajua inawashwa wapi ameshaifumia kitambaa. Na kitambaa kile kinaziba matundu ya kupumulia, joto linabaki ndani, na kitu kinachopendwa kinakufa kwa kupendwa. Tuliondoa kitambaa, tukapangusa vumbi jekundu, tukabadilisha kipande kimoja kilichoungua. Mama akalipa kwa furaha, kisha akaifunika tena papo hapo ili aibebe vizuri. Mzee akatazama juu.

Alinifundisha kulehemu kwa chuma chake mwenyewe, chenye mpini wa mbao aliouchonga baada ya ule wa kiwandani kuyeyuka. Hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Alinikataza kupuliza risasi ya kulehemia ikiwa bado moto. “Ngojea,” alikuwa akisema, “iache ipoe yenyewe, haiko supu.” Mambo mengi niliyoyasoma baadaye nimeyasahau, lakini hilo la kungoja limenisaidia kila siku ya kazi, na hata nyumbani.

Kisha kompyuta zikaanza kuingia mjini, za mitumba, zimepangwa ndani ya makontena kama magodoro. Vieux Ramazani alizitazama akasema ni televisheni zenye kiburi, yeye hazitaki. Mimi nilizitaka. Nikapata nafasi kwenye hii karakana yetu ya mjini, naye hakuninunia. Alinipa mkono, akaniambia nisisahau kuzivua nguo kwanza. Jumamosi nilikuwa nikirudi Naviundu kunywa chai kwake na kumsimulia ajabu za juma.

Ajabu nyingi zilitoka kwenye kadi ya picha. Ninyi mmezaliwa mkakuta mashine ambazo zinajipanga zenyewe, kwa hiyo niwaeleze. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Lakini kompyuta haijui kuzungumza na kadi mpaka iwe na programu ndogo ya kuwaunganisha, ambayo sisi huku tunaiita pilote. Kila kadi na pilote yake. Ukikosa pilote ya kweli, kompyuta haikatai kazi: inachukua ile ya watu wote, inachora picha kwa rangi kumi na sita tu, na inanyamaza. Ni kama mkalimani anayejua maneno machache. Atatafsiri hotuba yote, na utaondoka ukiamini msemaji hakuwa na la maana.

Kadi zile za zamani zilinitia adabu. Kuna mpiga picha mmoja ambaye maharusi wake wote walitoka kijani, tukalaumu pilote siku nyingi, kumbe ni meno ya kadi, yale ya kuchomekea, yameshika kutu. Niliyasugua kwa kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule, na maharusi wakarudi rangi yao. Tangu hapo kifutio hakijatoka mfukoni mwangu. Kuna bohari ya samaki kule Kasenga, ambako unyevu wa mto Luapula uliingia kila mahali, na kompyuta yao iliwaka asubuhi tu. Niliposhuka Kasomeno kubadilisha gari nilikuwa tayari nimejua moyoni kwamba ni pilote. Haikuwa pilote. Mende walikuwa wamehamia kwenye feni. Nilirudi Lubumbashi nikinuka samaki wakavu, nikiwa nimejifunza kutofunga kesi nikiwa bado njiani.

Sasa nifike kwenye kesi niliyotaka kuwaandikia tangu mwanzo.

Asubuhi moja, miaka michache kabla sijastaafu, Vieux Ramazani alikuja karakana. Hakuwa amewahi kuja. Alisimama mlangoni amevaa kofia yake safi, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka juu ya meza yangu. Nilijua ni nini kabla sijafungua, kwa sababu ya mpini.

“Kamata. Mi nimemaliza.”

“Umemaliza nini, Vieux?”

“Kazi. Ku clinique banasema macho yangu inafungama. Banakukalisha mbele ya écran, ile kioo, banakupa bouton ya kufinya. Taa kidogo inatokea, ukiiona unafinya. Basi taa inatokea, mi sioni. Inatokea tena, mi sioni. Docteur alisema nirudie, banitazame muzuri, lakini mi nimeelewa.”

“Na hapa unaniona?”

“Nakuona. Umenona.” Hakucheka. “Njo ile inaniogopesha. Mi naona, kiisha machine inasema sioni. Na machine haina na sababu ya kunidanganya.”

Nilimwambia arudi na chuma chake. Akakataa. Alisema fer à souder, yaani chuma cha kulehemia, haipaswi kulala kwenye nyumba ya kipofu. Akaniuliza habari za watoto, akaaga, akatoka akishika ukuta kwa kidole, ukuta ambao aliuona vizuri kabisa alipoingia. Hilo liliniuma kuliko yote. Mtu alikuwa ameanza kuwa kipofu kwa utii.

Sikukigusa chuma kile. Nilikiweka kwenye droo, na kila nilipofungua droo nikakuta kimelala pale, nikafunga.

Juma lile lile nikapigiwa simu na Daktari Mujinga, wa kliniki ya macho, ambaye nilikuwa nikimtengenezea kompyuta mara kwa mara. Ni mama mpole, anaongea haraka akiwa na wasiwasi, na siku hiyo aliongea haraka.

“Papa Ilunga, kuya unisaidie. Tangu ile machine ya kupima irudie kazini, kila muntu anakuwa kipofu. Kila muntu! Nikasema hapana, haiwezekane. Nikakaa mi mwenyewe. Unajua résultat inasema nini? Inasema nisiendeshe motoka.”

“Na wewe unasema nini, Docteur?”

“Mi nilifika hapa na motoka!”

Niliacha kila kitu nikaenda. Mashine yenyewe ni kompyuta kuukuu, zawadi iliyotoka Ulaya zamani. Kitufe cha mgonjwa kinaungwa kwenye kadi ya aina ambayo kompyuta mpya hazina hata nafasi ya kuichomekea, na programu yake haikubali mfumo mwingine. Haiwezi kuhamishwa. Mgonjwa anaweka kidevu mahali pake, anakaza macho katikati ya kioo cha kijivu, na programu inamtokezea vidoa vya mwanga hapa na pale, vingine vikali, vingine hafifu sana. Kwa vile anavyoviona na asivyoviona, daktari anajua jicho limepoteza sehemu gani.

Nilipoingia chumbani niliona kwanza kitambaa. Kizuri sana, cha bluu, kimefumwa kwa subira, kimelifunika sanduku la kompyuta lote mpaka chini. Kilikuwa kazi ya Sista Odile, anayekitunza chumba kile kama kanisa dogo.

“Nilifunika juu ya vumbi, isiingie, Papa,” alisema Sista.

“Ma sœur, kintu ya kupumua haifunikwake.”

Maskini, aliona haya kama msichana. Nikamwambia mji mzima unafanya hivyo, hata mke wangu, na nikaomba wanieleze kilichotokea. Kumbe kadi ya picha ya mwanzo ilikufa kwa joto. Fundi mmoja aliyekuwa akipita akawawekea nyingine aliyokuwa nayo mkobani, kompyuta ikawaka, picha ikatokea, wote wakashukuru Mungu. Ningekuwa mimi ningeshukuru pia. Tangu siku hiyo, kila programu ilipofunguliwa, kidirisha kidogo kilitokea na sentensi ndefu kwa Kijerumani.

“Na mulifanyaka nini?”

“Tulikuwa tunafinya OK,” alisema Sista. “Tulizania inatusalimia.”

Daktari alikuwa tayari amefungua kamusi kwenye simu yake. Alitafsiri polepole, neno moja moja, na mimi nikatazama kijivu cha kioo nikaona nilichotakiwa kuona: mahali ambapo kijivu kingepaswa kufifia taratibu kuelekea pembeni, kilishuka kwa ngazi, kama ngazi za nyumba. Rangi kumi na sita. Yeye akasema, “Inasema rangi haitoshe,” na mimi nikasema hivyo hivyo, tukacheka pamoja kwa mara ya kwanza siku ile. Kadi mpya haikuwa na pilote yake. Vidoa vikali vilichorwa. Vile hafifu, kompyuta haikuwa na rangi ya kuvichorea, ikavipaka kijivu kile kile cha nyuma. Mgonjwa alikaa pale akingoja taa ambayo haikuwashwa, na karatasi ikaandika kwamba hakuiona.

Nikamfikiria Vieux Ramazani akitembea na kidole ukutani.

Kujua ugonjwa si kuwa na dawa. Nilitoa kadi, nikageuza tochi pembeni mpaka namba ya kipande chake kikubwa ikasomeka, nikatafuta pilote kwenye intaneti. Ndugu zangu, pilote za zamani mtandaoni ni kama dawa za sokoni: majina yote yapo. Ya kwanza ilileta kioo cheusi. Ya pili ilileta picha nzuri, lakini kitufe cha mgonjwa kikafa, kwa sababu kadi mbili zilikuwa zinagombea mlango mmoja wa kuingilia kwa mkubwa wa nyumba, yaani kichakataji. Nikahamisha kadi nafasi nyingine, kitufe kikafufuka, lakini programu ikasema pilote ni mpya mno kwake. Ilitaka ile ya mwanzo kabisa, iliyokuja na kadi kwenye CD ndani ya boksi. Na boksi la kadi ile nilikuwa nimewahi kuliona karakana kwetu.

Miaka mingi nyuma karakana ilisafisha stoo. CD zote za pilote zilikuwa zinakwenda kutupwa, nami nilizipeleka Naviundu kwa sababu Mama Zubeda, mke wa Vieux Ramazani, alikuwa ameniomba kitu cha kung’aa cha kutishia ndege wasile mahindi yake.

Nilimkuta Mama Zubeda shambani nyuma ya nyumba, anachuma lengalenga, mchicha wetu. CD zilikuwa zinazunguka kwenye nyuzi juu ya mahindi, zikimulika kila upande. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mikono mapajani. Sikutaka kumpa tumaini ambalo lingeweza kuvunjika, kwa hiyo nilimsalimu tu, nikaingia kwenye mahindi kama mwizi.

“Ilunga, unatafuta nini mule?” aliita.

“Pilote, Vieux.”

“Mu mahindi?”

“Njo mahali iko.”

Mama Zubeda alinisaidia kuzisoma moja moja. Nyingi zilikuwa zimechujuka, ngozi zake zimebanduka kwa jua. Ile niliyoitaka ilikuwa imetundikwa chini ya ukingo wa bati la jiko, kwenye kivuli, imepakwa moshi. Niliiosha kwa sabuni, nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzunguka, kumbukeni hilo. Mikwaruzo ilibaki. Kule kliniki kisomaji cha CD kiliunguruma, kikanyamaza, kikaunguruma tena, na Sista Odile akashika rozari. Mimi nilifanya nilichofundishwa: nilingoja. Faili ikanakiliwa yote.

Kompyuta ilipowaka tena kidirisha cha Kijerumani hakikutokea. Kijivu kilikuwa laini kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Daktari alikaa, akafinya kitufe, karatasi ikatoka safi. Sista akakaa, safi. Wakataka mtu wa tatu, na mimi nikakaa nikiwa bado nacheka, mkono wa kitufe ukinuka dawa ya meno.

Jicho la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilitoka na doa jeusi upande wa juu, karibu na pua.

“Machine haiyapona muzuri,” nilisema. “Tubadirishe nafasi ya kadi tena.”

Daktari alivuta kiti. Alikaa yeye tena, jicho la kushoto: safi. Akaniweka tena: doa lile lile, mahali pale pale. Akanipeleka chumba cha pili akapima shinikizo la jicho kwa chombo kingine kisicho na uhusiano wowote na kompyuta, kisha akakaa karibu nami akazungumza polepole, na hapo nikajua: ni presha ya jicho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Ningeweza kumlaumu fundi wa mashine, lakini fundi alikuwa mimi, na kazi nilikuwa nimeifanya vizuri.

Niliogopa. Sitawadanganya. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikifunga jicho moja, kisha la pili, nikipima miti na mabango. Lakini wagonjwa wote wa siku zile waliitwa tena, na Vieux Ramazani alikuwa wa kwanza, maana nilimfuata mwenyewe. Alikaa mbele ya kioo na kofia yake safi. Nilisimama nje ya pazia nikisikia kitufe: tik, tik, tik, haraka kama mvua inayoanza kwenye bati. Alihitaji miwani mipya tu, ya kusomea.

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka karakana, akafungua droo yangu bila kuomba ruhusa.

“Fer yangu iko wapi? Aa, iko hapa. Ilunga, hata haukuipangusa.”

“Vieux, ngoja. Iko kintu nataka nikuambie.”

Nikamwambia habari za jicho langu. Alisikiliza akikunja uso vile vile kama zamani. Kisha akavaa miwani yake mipya, akanitazama jicho la kushoto kwa karibu sana, kama anavyotazama saketi.

“Basi,” alisema, “wewe utasoma, mi nitalehemu. Shi tulianzaka vile?”

Kwa kweli tulianza kinyume, lakini sikumsahihisha. Niliendelea na kazi mpaka wakati wangu ulipofika, na Sista Odile alinifumia kitambaa cha kuagia, cha bluu, chenye matundu makubwa mgongoni kwa ajili ya kupumua. Nashukuru kwa kitambaa hicho. Nashukuru kwa kadi iliyokufa, maana bila yake nisingekaa kwenye kiti kile, na doa lingekula jicho zima huku mimi nikipangusa miwani nikilaumu vumbi. Namshukuru Daktari Mujinga, aliyekataa kuamini kwamba mji wote umepofuka kwa juma moja, akakaa mwenyewe. Na namshukuru mzee yule kiasi ambacho sijapata namna ya kumwambia, kwa hiyo nawaambia ninyi.

Njooni Naviundu Jumamosi mkiwa na kadi iliyowashinda. Mtatukuta kwenye meza yake mlangoni, mimi nikitafuta namba ya pilote, yeye akipasha moto chuma chake. Hataanza bila mimi. Ataniuliza kwanza, kwa sauti ya kunigombeza, mbele ya wateja: “Dawa umetia?” Nami nitainua uso, nitatia tone, nitafunga macho. Yeye ataniambia ngojea. Nikifungua, kadi itakuwa mbele yake, imeshavuliwa nguo, na nitamwona.